Wiki Sita za Kituo cha Kusini

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza. Imepiga bati la chumba cha kumbukumbu kwa dakika ishirini, kisha ikaacha ghafla kama mtu aliyekosea mlango.

Leo nimeanza kazi. Naiita kazi ingawa hakuna aliyeniajiri. Mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, anaandika tasnifu ya uzamivu katika idara niliyostaafu miaka kumi iliyopita, na ameniomba nimsaidie kusoma karatasi za zamani za vituo viwili vya sumaku: kimoja karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, kingine karibu na ncha ya kusini. Muda wake wa masomo unakwisha tarehe 30 Aprili na umeshaongezwa mara mbili, hauongezwi tena.

"Mjomba, vijana wote niliowaonyesha wameniuliza karatasi yenyewe juu ni wapi, chini ni wapi," aliniambia. "Wewe peke yako hukuuliza."

Ningeulizaje? Zile za kusini nilizirekodi mwenyewe. Miaka arobaini na moja iliyopita niliishi kule miezi kumi na minne, nikiwa mkuu wa kituo cha watu wawili. Mke wangu hupenda kusahihisha: mkuu wa mtu mmoja.

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu ameuliza nafanya nini hasa na rula siku nzima. Nimemweleza wakati wa chakula cha mchana, naye amesikiliza kwa subira ya mtu aliyesikia zaidi ya hayo.

Juu yetu, kilomita mia moja na kitu, hewa ni nyembamba mno, na mwanga wa jua unazivunja chembe zake zikabaki na umeme. Tabaka hilo ndilo ayonosfia. Kwenye ncha mbili za dunia, upepo unaovuma kutoka kwenye jua husukuma umeme huo ukaenda kama mito: unashuka, unakimbia mlalo, unapanda tena, mamilioni ya ampea. Hatuioni mito hiyo. Lakini kila mkondo wa umeme huzaa usumaku, na sumaku ndogo iliyoning'inizwa kwenye uzi huku chini itageuka kidogo. Ukiibandikia sumaku hiyo kioo, ukakimulika kwa taa, mwanga utarudi na kuchora mstari kwenye karatasi ya picha inayozungushwa na saa. Siku moja, karatasi moja. Mstari ukitulia, juu kumetulia. Ukiruka, juu kuna kishindo.

"Kwa hiyo," amesema, "ulituacha mimi na mtoto wa miezi mitatu, ukaenda kuangalia kioo."

"Kioo na uzi."

"Na uzi. Haya, ongeza mboga."

Jumatatu, 10 Machi

Karatasi kumi na nne. Mvua. Miwani mipya inanipa kizunguzungu, nimerudia ya zamani.

Alhamisi, 13 Machi

Kwa miaka thelathini niliwafundisha wanafunzi kwamba mikondo ya kaskazini na ya kusini ni pacha. Kwenye ubao nilichora upande mmoja tu, kisha nikaandika "na kusini vivyo hivyo". Sikuwadanganya, ndivyo tulivyoamini wengi. Sasa satelaiti za miaka ya karibuni zimeonyesha kwamba pacha hao hawalingani. Kwa wastani mikondo ya kaskazini ina nguvu zaidi, na tofauti huwa kubwa pale kila upande unapokuwa kwenye majira yake ya baridi. Majira ya joto, karibu wanatoshana.

Swali la mpwa wangu ni jepesi kuliuliza na gumu kulijibu: je, ilikuwa hivyo miaka arobaini iliyopita? Usumaku wa dunia wenyewe hubadilika polepole. Ikiwa tofauti ilikuwepo wakati ule na kiasi chake kikajulikana, tutaanza kuelewa inatoka wapi. Satelaiti hazikuwepo za namna hiyo. Zipo karatasi tu.

Leo mchana ameniuliza mimi nadhani sababu ni nini. Nikavua kofia yangu. Dunia, nikamwambia, imevaa kofia mbili za sumaku, moja juu, moja chini. Ya juu imekaa karibu na katikati ya kichwa. Ya kusini imevaliwa upande, ncha ya sumaku imejitenga na ncha ya dunia zaidi kuliko kaskazini. Kwa hiyo dunia ikijizungusha, kofia ya kusini inaingia na kutoka kwenye mwanga wa jua kwa namna nyingine, na mwanga ndio unaorahisisha umeme kupita. Halafu nguvu ya sumaku yenyewe hailingani huku na huku.

"Lakini hayo hayatoshi kueleza tofauti yote," akasema.

"Hayatoshi."

"Basi vaa kofia, mjomba, kuna baridi."

Msimamizi wake amepita mlangoni bila kuingia. Wanafunzi wanamwita Nukta Mbili, kwa sababu hataki namba isiyo na tarakimu mbili baada ya nukta. Nilimfundisha mwaka wake wa kwanza. Wakati ule hata nukta moja ilikuwa taabu.

Jumatano, 19 Machi

Siku njema. Karatasi za majira ya joto zimekwisha, na mpwa wangu amegawanya nguvu ya kaskazini kwa nguvu ya kusini: 1.02. Karibu sawa. Kisha za baridi, wiki kumi na tatu kila upande: 1.42.

Amezunguka meza mara mbili. Nukta Mbili amekuja, ameangalia, amekaa. Sijawahi kumwona akikaa katika chumba hiki, viti vyake vina vumbi.

"Hii ni sura ya nne," amesema. "Hii ndiyo tasnifu yenyewe. Mengine yote ni utangulizi."

Jumatatu, 24 Machi

Bati linavuja juu ya kabati la tatu. Tumehamisha maboksi. Mvua siku nzima.

Alhamisi, 27 Machi

Katika maboksi tuliyohamisha limo daftari la kituo cha kusini, lile lenyewe, lenye jalada la kitambaa. Mpaka leo tumekuwa tukitumia jedwali lililochapwa ofisi kuu. Mpwa wangu alikuwa darasani. Nililifungua peke yangu, nikafurahi kama mtu aliyeokota picha ya ujanani.

Niandike taratibu, nisije nikajichanganya.

Mstari ukiruka milimita kumi kwenye karatasi, hiyo si nguvu ya sumaku bado. Ni milimita tu. Lazima ujue milimita moja ni nanotesla ngapi, yaani nguvu kiasi gani, na namba hiyo haikai mahali pamoja. Uzi unachoka, sumaku inadhoofika, baridi inazidi. Kwa hiyo tulikuwa na kipimo cha Jumatatu. Unafungua mlango wa kibanda cha vyombo, bila funguo, bila kisu, bila mkanda wenye chuma, unapitisha umeme unaoujua kwenye koili ya waya iliyoizunguka sumaku, unaangalia mwanga umeruka kiasi gani, unagawanya. Namba unaiandika kwenye daftari. Bila namba ya Jumatatu, karatasi zote za wiki ile ni michoro ya ukutani.

Nimefuata namba hizo kwa kidole. 4.35. 4.39. 4.36. 4.37. Zinacheza, kama inavyopasa. Kisha, katikati ya baridi, 4.37. 4.37. 4.37. 4.37. 4.37. 4.37. Halafu Jumatatu iliyofuata, 4.61.

Hakuna kipimo kinachotulia hivyo. Aliyeandika hakupima. Alinakili namba ya mwisho mara sita.

Mwandiko ni wa Fundi.

Sijamtaja Fundi humu bado. Alikuwa mtu wa pili wa kituo: umeme, jenereta, redio, taa, kila kilichoharibika. Mimi nilimpa jina la Baadaye, kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa jibu lake. Fundi, taa ya kibanda. Baadaye. Fundi, antena. Baadaye, Mkuu. Alikuwa akipiga mluzi akifanya kazi na akipiga mluzi asipofanya. Wiki zile nilikuwa kitandani na kifua, nikamwachia daftari. Na hivi ndivyo alivyolitunza.

Wiki sita katika wiki kumi na tatu. Majira ya baridi. Kusini.

Ijumaa, 28 Machi

Sijamwambia mpwa wangu. Amekuja na rasimu ya sura ya nne, kurasa ishirini na mbili. Nimesahihisha herufi kubwa na ndogo.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua. Karatasi tisa za kaskazini, za kuhakiki tu. Huko wenzetu walipima kila Jumatatu, namba zao zinacheza vizuri. Nimezionea wivu.

Ijumaa, 4 Aprili

Mke wangu: "Una nini?"

"Sina kitu."

"Tangu wiki iliyopita unajibu 'ndiyo' kwa maswali yasiyo ya ndiyo. Nimekuuliza wali au viazi, ukasema ndiyo."

Nimemweleza. Akaniuliza kwa nini simwambii mtoto. Nikasema amebakiwa na siku ishirini na sita, nikimwambia sasa nitamvunja moyo. Pia huenda tofauti ni ya kweli tu. Satelaiti zinasema hivyo hivyo. Akasema, "Kama satelaiti zimeshasema, yeye anaandika nini?"

Kosa hilo ndilo kosa la watu wa kazi yetu: unajua jibu linapaswa kuwa nini, basi ukiliona limekuja huliulizi limetoka wapi. Karatasi za kusini zingeweza kuwa za uongo kabisa na bado zikasema jambo la kweli. Lakini zisingekuwa ushahidi.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimemwambia mpwa wangu leo asubuhi. Nilifungua daftari mbele yake, nikaweka rula chini ya mstari. Alisoma mara moja tu. Anasoma haraka, kama mama yake.

"Umeliona lini hili?"

"Tarehe 27."

Akahesabu kwa vidole, bila kuficha. "Siku kumi na moja. Mjomba! Siku kumi na moja nimekaa hapa naandika sura, wewe unanisahihishia herufi kubwa?"

"Nilitafuta namna ya kukuambia."

"Namna ni mdomo. Ungefungua mdomo." Alikwenda dirishani. Mvua ilikuwa ikipiga hivi kwamba aliporudi kusema ilibidi apaze sauti. "Sina hasira na namba. Namba mbovu huwa zipo. Nina hasira kwamba umeniona mtoto."

Baadaye alikaa, akavuta daftari, sauti ikashuka. "Huyu Fundi yuko hai?"

"Sijui."

"Hujui? Miezi kumi na minne katika chumba kimoja, na hujui?"

Kweli sijui. Tulipeana mkono uwanja wa ndege, ikaisha hapo. Amenipa kazi: nimtafute leo hii, nimuulize yeye mwenyewe nini kilitokea, kwa sababu huwezi kumhukumu mtu kwa mwandiko.

Jumanne, 8 Aprili

Chama cha wastaafu walikuwa na namba yake. Nimepiga saa nne asubuhi, mpwa wangu kando yangu, simu imewekwa mezani na sauti kubwa.

Nilijitambulisha. Kisha kicheko, kile kile.

"Mkuu! Nilidhani walishakuzika, nikawa nimenuna kwa kutoalikwa."

"Bado nipo. Wewe je?"

"Magoti yamekwenda, mimi nimebaki. Nani amekupa namba?"

"Nina swali la kazi."

"Baada ya miaka arobaini? Hata watoto hujauliza! Hubadiliki."

Niliuliza watoto. Wanne, wajukuu tisa, mmoja rubani. Aliniuliza wangu. Mpwa wangu alikuwa amefunika mdomo kwa mkono, anacheka. Kisha nikauliza. Nilitumia sauti yangu ya darasani, najua, kwa sababu nilimwona mpwa wangu akiacha kucheka.

"Wiki zile za baridi. Kipimo cha Jumatatu. Kwa nini namba ni ile ile mara sita?"

"Kwa sababu ulisema iwe ile ile."

"Mimi?"

"Ulikuwa kitandani. Nilikuja nikakuambia, Mkuu, nikifungua mlango hewa ya baridi inaingia, mistari inapinda nusu siku, lakini nitapima tu. Ukasema hapana, mlango usifunguliwe. Ukasema mistari safi ni bora. Nikasema basi niache nafasi wazi kwenye daftari. Ukasema ofisi kuu hawapendi nafasi wazi, niandike namba ya mwisho. Tulibishana siku mbili. Umesahau? Ulinirushia kandambili."

"Sikumbuki."

"Kandambili nilikwepa, lakini nilikwambia sitaandika bila karatasi. Ukaniandikia. Ninayo."

"Unayo mpaka leo?"

"Nilijua ipo siku mtu atakuja kuuliza. Sikujua kama atakuwa wewe." Akakohoa. "Wiki ya saba nikachoka, nikafungua mlango nikapima bila ruhusa. Ikatoka nne nukta sitini na moja. Nikaogopa, nikarudia mara tatu. Nikaiandika. Hukuniuliza kitu."

"Mbona hukuwahi kuniambia miaka yote hii?"

"Kukuambia nini, Mkuu? Nilidhani unajua."

Jumatano, 9 Aprili

Mjukuu wa Fundi ametuma picha ya karatasi. Kalamu nyekundu, mwandiko wangu, hata ule mkato wangu wa herufi t ambao wanafunzi walikuwa wakiuiga kunikejeli. "Kuanzia leo mlango wa vyombo usifunguliwe mpaka nitakapoagiza. Kwa kipimo cha wiki andika namba ya mwisho. Isiachwe nafasi." Sahihi yangu, na chini yake cheo changu.

Nimejaribu kukumbuka nikiiandika. Nakumbuka blanketi, nakumbuka harufu ya mafuta ya taa. Karatasi sikumbuki. Ninachokumbuka vizuri sana ni barua iliyokuja mwaka uliofuata, ofisi kuu wakinisifu kwa rekodi isiyokatika hata wiki moja. Kwa barua ile nilipata nafasi ya kufundisha. Na darasani, somo langu la kwanza kila mwaka lilikuwa hili: andika ulichokiona.

Haijanyesha leo.

Ijumaa, 11 Aprili

Mpwa wangu aliisikia simu yote, kwa hiyo hakukuwa na cha kumficha. Nilimpa picha ya ile karatasi, akaiangalia, akaniuliza kama nimekunywa chai. Hiyo ndiyo huruma yake, sikuistahili, nikanywa.

Kisha tukamwita Nukta Mbili. Hakukaa.

"Tunazo namba za mwanzo na mwisho," alisema. "4.37 na 4.61. Piga mstari ulionyooka katikati. Kosa haliwezi kuzidi tano na nusu kwa mia. Tofauti yetu ni arobaini na mbili kwa mia. Inabaki pale pale."

Hesabu yake ni sahihi, kama namba ilitembea kwa mstari. Nilimweleza, taratibu kama zamani, kwamba kujua mtu alikuwa nyumbani saa mbili na alikuwa nyumbani saa nane hakukuambii kwamba hakwenda sokoni. Uzi ungeweza kulegea ukaruka hadi tano na kurudi. Hatujui. Na hatujui kwa sababu mimi niliamuru tusijue.

"Mwalimu, ukiziondoa wiki sita, zinabaki saba. Wiki saba si kitu. Wiki tatu kabla ya kukabidhi!"

Wote wawili tukamwangalia mpwa wangu. Alikuwa akichora mistari midogo pembeni mwa karatasi.

"Zinatoka," akasema.

"Fikiri kwanza."

"Nimefikiri tangu Jumatatu, Profesa. Zinatoka."

Ijumaa, 18 Aprili

Wiki nzima ya kupanga upya. Wiki saba za kusini zilizopimwa, na wiki saba za kaskazini zenye msukosuko wa jua unaolingana nazo; bila hivyo utakuwa unalinganisha bahari iliyochafuka na bwawa. Vidole vyangu vimekuwa vyeusi kwa wino wa kalamu. Mpwa wangu hali, mpaka mke wangu atume chombo cha chakula na agizo.

Saa tisa alasiri: 1.31. Halafu akahesabu shaka yake, yaani namba inaweza kupanda au kushuka kiasi gani kwa uchache wa wiki: 0.17.

"Juu ya moja," nilisema.

"Juu ya moja, lakini haipigi kifua tena." Aliiangalia. "Ile 1.42 nilikuwa naiogopa, mjomba. Hii naweza kulala nayo."

Jumanne, 29 Aprili

Amekabidhi. Siku moja kabla. Nimebeba nakala mbili, yeye tatu, mwavuli mmoja kati yetu, na karatasi ndizo zilizofunikwa.

Nimesoma sura ya nne usiku wa kuamkia leo. Kuhusu wiki zilizoondolewa ameweka tanbihi ya mstari mmoja: "Vipimo vya wiki sita havikufanyika kutokana na baridi kali." Sikumwambia kitu. Nilijiambia ni kwa heshima yake kwangu, na heshima haikataliwi.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua zinapungua. Nimempigia Fundi, bila swali la kazi. Tumeongea saa nzima. Kumbe alikuwa akisema "baadaye" kwa sababu alikuwa na orodha, na kila nilichoagiza alikipanga kwenye orodha kwa hatari yake: jenereta kwanza, taa za kusomea za Mkuu mwisho. Kwa miezi kumi na minne sikuuliza hata siku moja kwa nini hatukuwahi kukosa joto.

Ijumaa, 23 Mei

Utetezi wa tasnifu. Chumba cha mikutano cha idara, ghorofa ya pili, watu kama ishirini. Mke wangu amevaa kama anakwenda harusini. Mimi nilikaa safu ya nyuma.

Mpwa wangu aliongea dakika arobaini, vizuri, bila kukimbia. Mtahini wa nje ni mama mmoja mfupi anayezungumza kama mtu anayelipia kila neno. Aliuliza mambo matatu ya hesabu, akajibiwa. Kisha akafungua ukurasa aliouwekea alama.

"Tanbihi yako. Vipimo havikufanyika kutokana na baridi kali."

"Ndiyo, Profesa."

"Wiki ya saba vilifanyika."

"Ndiyo."

"Nimeangalia jedwali lako la joto, kiambatisho cha pili. Wiki ya saba ndiyo ilikuwa na baridi kuliko zote." Akavua miwani. "Sasa, kama kilichozuia ni baridi, wiki hiyo ilikuwaje? Na kama hakikuwa baridi, nitajuaje kwamba chenyewe hakikuzigusa zile wiki saba ulizozibakiza?"

Mpwa wangu alifungua mdomo, akaufunga. Alijua jibu. Lilikuwa limekaa safu ya nyuma, na hakutaka kuliangalia. Alianza kusema jambo kuhusu mazingira magumu ya kazi, na ilikuwa mara ya kwanza siku ile kwamba sauti yake ilitafuta njia. Nukta Mbili aliinamisha kichwa. Nikaona jinsi itakavyokwenda: mama yule ataandika kwamba data ya kusini haiaminiki, na miaka sita ya mtoto huyu itaishia hapo, kwa kunisitiri.

Si desturi msikilizaji kusema. Nilisimama.

"Naomba radhi kwa kiti. Wiki hizo ni zangu. Nilikuwa mkuu wa kituo. Niliagiza mlango usifunguliwe, kwa sababu nilitaka mistari inayopendeza, na nikaagiza iandikwe namba ya wiki iliyotangulia. Agizo nililiandika kwa mkono wangu, lipo. Mtahiniwa ameandika baridi kwa sababu mimi ni mjomba wake."

Mke wangu aliuvuta upindo wa koti langu, sijui kama ni kunikalisha au kunishikilia.

"Na zile saba?" mtahini akaniuliza mimi, moja kwa moja.

"Nne za mwanzo nilipima mwenyewe kabla ya kuugua, na ziko kwenye daftari na hesabu zake zote, ukiweza kuzirudia. Tatu za mwisho alipima fundi wa kituo, ya kwanza kati ya hizo bila ruhusa yangu, na akairudia mara tatu kwa kuwa ilimshangaza. Ukitaka kujua zipi ninazozitegemea zaidi, ni zake."

Akamgeukia mpwa wangu. "Daftari unalo hapa?"

"Ninalo, Profesa."

"Lete."

Walirudia hesabu tano, wawili hao, kichwa kwa kichwa, sisi wengine tukiangalia kucha zetu. Tano zote zilikubali. Tulitolewa nje. Korido ilikuwa na jua. Tulipoitwa ndani walisema: amefaulu, marekebisho madogo, na la kwanza ni ile tanbihi.

Mpwa wangu alipita kwa kila mtu akipeana mkono. Aliponifikia alisema, "Umefungua mdomo," akanikumbatia mpaka miwani yangu ikapinda.

Jumatatu, 26 Mei

Chumba cha kumbukumbu. Nimeandika sentensi mpya mwenyewe, nikampa aichape:

"Vipimo vya wiki sita havikufanyika, kwa sababu mkuu wa kituo aliagiza visifanyike, namba zilizomo kwenye daftari kwa wiki hizo zilinakiliwa na hazikupimwa, na jedwali lililochapwa ofisi kuu lisitumike."

"Mjomba, hii itakaa maktaba. Watu watakaokuja watakusoma hapa."

"Na jedwali lile lipo maktaba miaka arobaini. Wangapi wamelitumia?"

Akaisoma mara ya pili, midomo ikitembea, akaondoa koma moja, akaiweka sentensi mahali pa ile ya baridi.